Anza na sura ya unyevu

Ukitaka kununua kitabu cha useremala, cha kubandika tailizi au cha ujenzi wa kujifanyia mwenyewe, acha kwanza picha za mbele. Fungua orodha ya sura, utafute sura ya unyevu. Kama ipo na imepewa kurasa za kutosha, kitabu hicho kitakufaa hata kama kiliandikwa kwa ajili ya mtu wa Ohio, Marekani, mwenye gereji ya magari mawili. Kama haipo, mrudishie muuzaji hata akikupunguzia bei.

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Tabata, Dar es Salaam. Natengeneza milango, vitanda na makabati ya jikoni, na kwa kuwa mwenye nyumba akishapata makabati anataka na sakafu ifanane nayo, nabandika tailizi pia. Nilipita VETA, chuo cha ufundi stadi, kisha nikakaa miaka mingi chini ya mzee mmoja wa Tanga ambaye hakuwahi kufungua kitabu cha ufundi maishani mwake. Vitabu vilikuja baada ya hapo. Vingi nimevinunua kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, wale wanaopanga chini kando ya barabara, kitabu cha mabomba kimelaliana na riwaya na vitabu vya dini. Vingine aliniachia mteja mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake. Alikuja na pikapu, akashusha boksi zima, akasema fundi, hivi vitakufaa wewe. Karibu vyote ni vya Marekani na Uingereza. Nimevisoma, vingine mpaka jalada limetoka, na ninavithamini sana. Vinakaa rafu ya juu karakana, na vumbi la mbao liko katikati ya kurasa.

Vilivyo vingi ni vile vya kutengeneza kitu fulani: meza ya bustani, kitanda cha mtoto, rafu ya vitabu, nyumba ya ndege. Picha zake zinavutia, na ndiyo vinavyotusumbua zaidi. Kila kazi inaanza na orodha: vipande kadhaa vya urefu huu, upana huu, unene huu. Orodha hiyo inakuchukulia kuwa umetoka dukani na mbao kavu, iliyonyooka, iliyopigwa randa pande zote nne, na kila ubao unalingana na mwenzake. Mbao wanayoiita 2 kwa 4 huko Marekani haina hata inchi 2 kamili. Ikishakaushwa na kupigwa randa inabaki inchi 1½ kwa 3½, yaani milimita 38 kwa 89, na mwandishi anapiga hesabu zake zote kwa hizo 38 na 89. Wewe unakwenda yadi ya Buguruni unachukua 2 kwa 4 ya Mafinga, imetoka moja kwa moja kwenye msumeno. Mwisho mmoja ina inchi 2, mwisho wa pili ina pungufu kwa sababu msumeno ulikuwa unayumba. Ukishaipiga randa ikanyooka, unene uliobaki haumo kwenye kitabu chochote. Ukikata vipande vyako vyote asubuhi kwa kufuata orodha ile, jioni droo haiingii.

Nawaambia vijana wangu wachukue kutoka kwenye vitabu hivyo mambo mawili tu. La kwanza ni namna vipande vinavyoungana, kwa sababu ulimi na tundu (ncha ya ubao mmoja inayoingia kwenye shimo la mwenzake) ni vilevile Tabata na Ohio. La pili ni fimbo ya vipimo. Hii nimeikuta kwenye vitabu vya zamani vya Kiingereza, na nashangaa haijaenea kwetu, maana inatufaa sisi kuliko wao. Unachukua ufito ulionyooka, unausimamisha pale pale kabati litakapokaa, unachora juu yake kila kitu kwa kalamu: sakafu hapa, rafu ya kwanza hapa, unene wa ubao huu hapa, mwisho wa dirisha hapa. Ufito wa pili unaulaza kwa upana. Unarudi karakana na fito mbili bila namba hata moja, na kila kipande unakilaza juu ya ufito na kukipiga alama. Tepu inayosoma tofauti na tepu ya mwenzako haina tena nafasi ya kukuharibia kazi. Mbao zako zikiwa na unene usiolingana, ufito unakuonyesha unene huo huo ulio nao mkononi.

Sasa turudi kwenye unyevu, maana huko ndiko vitabu vilikonilipa fedha yangu yote.

Mti ukiwa hai umejaa maji. Ukipasuliwa mbao, maji yanaanza kutoka, na ikifika mahali fulani katika kukauka kwake, mbao inaanza kusinyaa. Fundi yeyote anajua hilo. Kinachoelezwa vizuri na kitabu chenye sura nzuri ya unyevu ni *upande gani*. Mbao karibu haisinyai kabisa kwa urefu wake, kufuata nyuzi. Inasinyaa kwa upana. Na kwa upana wenyewe, ubao uliopasuliwa hivi kwamba pete za mti zimelala unasinyaa karibu mara mbili ya ule ambao pete zake zimesimama wima. Ndiyo maana ubao mmoja unajikunja kama bati na mwenzake uliotoka mti uleule unabaki umenyooka. Tangu nilipoelewa hili, sinunui mbao bila kutazama kichwa chake kilipokatwa. Yadi wanaona nachelewesha watu. Nainama, nafuta vumbi, natazama pete zimelalaje, ndipo naweka pembeni.

Sura hiyo inaeleza pia kwamba mbao haikauki ikaisha. Inafuata hewa inayoizunguka. Vitabu vya Marekani vinakuambia mbao ya samani iwe na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Usihangaike na namba hiyo ukiwa Dar es Salaam. Wao nyumba zao zinapashwa moto miezi ya baridi, hewa ya ndani inakauka sana, na mbao inakauka nayo. Kwetu pwani, mbao iliyokaa kwenye kivuli hata miaka mitatu itasimama kwenye asilimia 14 au 15, kwa sababu hewa yetu haiiruhusu kushuka zaidi. Ukiikausha kwa tanuri mpaka 7, ukatengeneza kabati kwa kubana kila kitu, ukaliweka Kigamboni, litavimba mpaka milango isifunguke. Namba ya kitabu ni ya kwao. Sababu iliyoizaa namba hiyo ni ya wote, na sababu ndiyo ya kusoma.

Mzee wangu wa Tanga alikuwa anaupima unyevu kwa shavu. Anaunyanyua ubao, anaugusisha usoni, anafumba macho kidogo, anasema "huu bado." Tulikuwa tunafikiri ni mbwembwe za uzee. Kumbe maji yanayotoka kwenye ubao yanaupoza, na ngozi ya shavu inausikia ubaridi huo kuliko kiganja chenye sugu. Alikuwa sahihi mara nyingi sana. Shavu lilimwambia upi umelowa kuliko upi; kiasi gani, halikuweza kumwambia, na hapo ndipo kitabu kinaongezea.

Njia yenyewe haihitaji kipima unyevu cha bei kubwa. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, siyo mwishoni, maana miisho inawahi kukauka na itakudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni ile ya kidijitali. Kiweke kwenye oveni, joto lizidi kidogo nyuzi 100, ukitoe na kukipima tena na tena mpaka uzito usibadilike. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa kwanza, jibu uligawe kwa uzito wa mwisho. Mimi natumia oveni ya jirani anayeoka keki, akishatoa keki zake na oveni bado ina moto. Karibuni tulikata kipande cha paini kutoka kwenye mzigo ulioitwa mkavu. Kiliingia na gramu 310, kikatoka na 250. Zimepotea gramu 60. 60 kugawa kwa 250 ni asilimia 24. Mzigo ule tuliupanga kwa fito katikati, chini ya bati, hewa ipite, na mteja tukamwambia ukweli kwamba mlango wake utasubiri. Alinuna. Lakini alikipima mwenyewe kile kipande, akaona namba, akakubali kusubiri.

Ukishajua kwamba mbao inacheza kwa upana tu, mlango wa paneli unauona kwa jicho jingine. Ukiunganisha mbao saba ubavu kwa ubavu kutengeneza mlango wa sentimita 80, sentimita zote 80 zinacheza. Kati ya msimu wa mvua na wa ukavu, au kati ya mkoa na mkoa, mlango wa paini unaweza kupungua sentimita nzima. Mlango wa paneli una mbao mbili ndefu za pembeni, kila mmoja upana wa sentimita 10, na mbao za kukatiza kati yao zimelala kwa urefu wa nyuzi. Zile za kukatiza hazisinyai kwa urefu, kwa hiyo upana wa mlango wote unabadilika kwa zile sentimita 20 za pembeni peke yake. Badala ya milimita 10, unapata mbili au tatu. Paneli yenyewe katikati inacheza inavyotaka ndani ya mfereji wake. Ila isipigwe gundi! Hapa mafundi wengi wazuri wananishangaza. Wanatengeneza mfereji safi, wanaingiza paneli, halafu wanaijaza gundi kuzunguka pande zote ili "isicheze". Paneli ya sentimita 30 ikitaka kupungua milimita 3 na imeshikwa pande zote mbili, itapasuka katikati, na ufa utafuata nyuzi toka juu hadi chini. Mteja atasema mbao ilikuwa mbaya.

Mninga unasamehe zaidi. Unacheza kidogo sana, ndiyo maana wazee waliupenda na ndiyo maana bei yake imefika ilipofika. Mkongo nao umetulia. Lakini kazi nyingi sasa ni paini ya Sao Hill, shamba la miti la kule Mafinga, na paini haina huruma kwa fundi asiyejua kusoma pete. Tena ukinunua mninga, tazama ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo: wadudu wanaipenda, hata kama moyo wake mwekundu hawaugusi. Hilo hutalikuta kwenye kitabu cha Ohio.

Jambo jingine ni mwaka wa kuchapwa. Uko ukurasa wa pili au wa tatu, kwa herufi ndogo. Utafute kabla ya kulipa. Nina kitabu cha miaka ya 1980 chenye mchoro mzuri sana wa sanduku la mchanga la kuchezea watoto, na kinashauri utumie mbao zilizotiwa dawa ili zisioze. Dawa ya wakati ule ilikuwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, ile inayoipa mbao rangi ya kijani. Aseniki ni sumu. Huko Marekani wenye viwanda waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwishoni mwa 2003, na vitabu vya baada ya hapo vinaonya; vingi vya kabla ya hapo vinakaa kimya. Kwetu mbao za kijani ziko kila yadi kwa ajili ya kenchi za paa, na kwa paa zinafaa. Lakini vipande vinavyobaki mafundi wanaviacha, na akina mama wa jirani wanakuja kuvichukua wakapikie. Naomba kila fundi anayesoma hapa asiruhusu hilo. Moshi wake una sumu na majivu yake yana sumu. Mbao ya kijani isiingie jikoni, isichomwe uani, na vumbi lake usilivute bila kuziba pua.

Sura ya kunoa nayo iko vizuri karibu kila kitabu, sitakaa nayo sana. Patasi ya kazi za kawaida inolewe kwa pembe ya nyuzi 25, na ncha yenyewe imaliziwe kwa nyuzi 30. Mgongo wake uwe bapa kabisa. Huna jiwe la maana? Lowesha msasa wa maji, ulaze juu ya kipande cha kioo kinene, anza na namba 400, nenda 800, malizia 1200. Patasi ya bei ndogo ikinolewa hivyo inakata ulimi wa mninga bila kuchana.

Kwa upande wa tailizi, vitabu vya Marekani vina nusu ya kurasa ambayo kwetu unaipita tu. Nyumba zao nyingi zina sakafu za mbao, kwa hiyo wanaeleza kwa kirefu plaiwudi, mbao za saruji za kutandika juu yake, skrubu kila sentimita kadhaa. Kuna na habari za baridi ya kugandisha maji. Sisi tunabandika juu ya zege. Pita hapo usichoke, endelea mpaka sura ya kupanga na sura ya maji.

Kupanga kwanza. Mafundi wengi tunaanzia kona, tunabandika tailizi nzima mpaka ukuta wa pili, kipande kinachobaki ndicho kinachobaki. Chukua chumba cha mita 3.70 na tailizi za 60 kwa 60, nafasi ya milimita 3 kati yake. Ukianzia kona, zinaingia nzima sita na unabaki na kamba ya sentimita 8 ukutani, tena mara nyingi upande wa mlango, ambako kila anayeingia anaiona. Kitabu kinakuambia upige kwanza mistari miwili katikati ya chumba, uihakikishe kwa tatu-nne-tano (fundi wa msingi anaijua hii tangu zamani: sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, mshazari lazima usome 100), kisha upange tailizi kavu bila gundi. Utaona kwamba ukibandika nzima tano katikati, kila upande unapata kipande cha sentimita 34. Tailizi zinaongezeka kidogo, lakini chumba kinaonekana kimepimwa na mtu mwenye akili zake. Kazi yenyewe inakula nusu saa.

Halafu gundi. Nenda nyumba yoyote iliyobandikwa haraka, gonga tailizi kwa fundo la kidole. Nyingine inalia kama debe. Inua moja uone chini yake: madonge matano ya saruji, manne kwenye kona na moja katikati, kwingine kote hewa. Mguu wa kitanda ukiangukia kwenye hewa, tailizi inapasuka. Bafuni ni vibaya zaidi kwa sababu hewa ile inajaa maji. Kipimo cha vitabu vya Marekani ni kwamba gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa tailizi sehemu kavu, na asilimia 95 sehemu za maji. Unafikaje huko? Mwiko wa meno, mistari yote inyooke upande mmoja bila kuzungushazungusha, mgongo wa tailizi upakwe safu nyembamba, kisha tailizi isukumwe kwa kukata mistari ile ili hewa itoke. Na kila baada ya muda unainua moja iliyo mbichi kutazama. Kijana akinilalamikia kwamba kuinua ni kupoteza muda, namwambia ainue yeye mwenyewe. Akiona mistari imesimama vilevile kama ilivyochorwa, na mgongo wa tailizi mweupe, hahitaji maneno yangu.

Acha pia nafasi ya milimita 5 au 6 kuzunguka chumba, pale tailizi inapokutana na ukuta. Skating, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaifunika. Sakafu inacheza kwa joto na kwa unyevu kama mbao inavyocheza, ila kidogo zaidi, na ikikosa pa kwenda inajisukuma juu. Zile tailizi zinazoinuka ghafla sebuleni usiku kwa mlio, watu wakaamka na hofu, chanzo chake mara nyingi ni hicho: zimebanwa ukuta kwa ukuta, na chini zilishikwa na madonge matano.

Na maji. Sentensi iliyo muhimu kuliko zote katika vitabu vya tailizi inasema kwamba tailizi na grauti (saruji ya kujazia maungio) havizuii maji. Vinapunguza. Maji yanapenya kwenye grauti, yanakaa chini, yanatafuta njia. Kinachozuia maji ni safu ya kuziba inayopakwa *chini* ya tailizi, juu ya sakafu iliyokwishapewa mteremko, ikapanda ukutani, ikazunguka shimo la maji vizuri. Mteremko ni kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea shimo. Kwenye nyumba za ghorofa hapa mjini dari za chini zinaoza, na mwenye nyumba anaambiwa aongeze saruji nyeupe kwenye maungio, anaongeza, mwezi unaofuata dari inadondosha tena.

Kabla sijabandika tailizi moja bafuni, naziba shimo, najaza maji kama sentimita 5, napiga alama ya penseli ukutani, naondoka. Mama mmoja wa Segerea alikuja kukagua kazi akakuta bafu lake limekuwa bwawa.

"Fundi, hii ni nini, nimekulipa unijazie maji ndani?"

Nikamwomba radhi, nikamwonyesha alama. "Mama yangu, tuyaache mpaka kesho saa hizi. Yakishuka chini ya alama, tujue sasa hivi, kabla tailizi hazijakaa juu."

Kesho yake alifika mapema kuliko mimi, amechuchumaa na tochi ya simu anaangalia ule mstari. Kisha akashuka chini mwenyewe kutazama dari. Kavu. Tangu hapo kila anayejenga kwenye ukoo ule, yeye ndiye anayemuuliza fundi wake kama bafu limejazwa maji saa 24.

Najua swali linalofuata, kwa sababu vijana wananiuliza: vya Kiswahili viko wapi? Tuliwahi kuonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio, kwa vikundi vya kusikiliza na kwa vijitabu vya Kiswahili chepesi. Watu kama milioni 2 walishiriki. Walikaa chini ya miti wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio, kijitabu na jembe vilikutana siku moja. Siku hizi kijana wa ufundi anapata video, na video nyingi ni nzuri, lakini huwezi kuiandikia pembeni kwa penseli kwamba "hii kwa paini haifai", wala huwezi kuilaza wazi juu ya benchi ukapima kitu huku mikono ina gundi.

Kwa hiyo tunalo daftari hapa karakana, kubwa, la jalada gumu. Kila tunachokiona kimeshika kwenye kazi zetu kinaingia humo kwa Kiswahili, na mchoro wake, na jina la mbao, na mwezi. Nasoma sura ya Kiingereza usiku, asubuhi naieleza, tunaijaribu kwa mbao yetu, na kinachoandikwa ni kilichotokea mbele ya macho yetu. Kuna ukurasa wa uzito wa kile kipande cha oveni. Kuna ukurasa wa gundi gani ilishika kwenye mkongo, maana ule una mafuta na unasumbua. Kuna kurasa za mzee wa Tanga, yale niliyoyakumbuka.

Ukurasa unaogombaniwa kwa sasa ni wa nafasi ya mlango. Tulikuwa tumeandika kwamba mlango wa paneli wa paini uliokauka vizuri hapa Dar uachiwe milimita 3 kila upande. Kijana mmoja aliyejifunza hapa amehamia Dodoma, na huko ujenzi umepamba moto. Alichukua milango tuliyoitengeneza huku akaifunga kule kwa kipimo chetu. Miezi ya ukavu ilipokolea akanitumia picha: mwanga unapita upande wa kitasa, na ulimi wa kitasa unashika kwa shida. Dodoma hewa ni kavu kuliko pwani, mbao iliendelea kusinyaa baada ya kufungwa. Ameshauri milango ya kwenda huko iachiwe milimita 2 tu, na isimame kwenye nyumba yenyewe bila kufungwa, hewa ipite pande zote, kwa wiki kadhaa kabla ya kupigwa bawaba. Vijana wa hapa wanasema 2 ni kidogo, mvua za Desemba zikianza itabana. Yeye anasema waje waone.

Tumegawa ukurasa kwa mistari: Dar es Salaam, Dodoma, na ya tatu nimeandika Bukoba, ambako mvua hazikauki. Hiyo bado haina namba. Fundi aliye huko anitumie kipimo chake, aina ya mbao na mwezi aliofunga mlango, nitakiingiza.